Gigahazi za Stika na Gigahazi za Ukweli

Ukitaka kujua kama msee wa Satellite, huku Nairobi, ako na mashine kejani, wala usimuulize. Ngoja tu. Atakwambia mwenyewe ni i7, atakwambia inapiga gigahazi tatu nukta sita, na atakwambia alishusha bei tao hadi mwenye duka karibu alie. Hizo ndio stori za base siku hizi. Wasee walikuwa wanapimana na njumu, saa hii wanapimana na prosesa.

Na mtaa imejaa mashine kweli. Toka Dagoretti Corner, panda na Naivasha Road hadi Kawangware, kata Wanyee ama Kabiria, hukosi keja yenye boxi jeusi la HP ama Dell chini ya meza. Kuna prodyuza wa muziki wa arbantone ako na kitanda, spika mbili na FL Studio. Kuna msee anaediti video za harusi na ruracio. Kuna boyie wa gemu, mathake hulia token za stima kila wiki. Kuna mresh wa saiba, ule hukujazia returns za KRA tarehe 30 Juni usiku, ukimuita "sistangu" na mwaka mzima hujamsalimia. Karibu wote wamebuy ex-UK, yaani mashine ya ofisi ya majuu ilistaafishwa, ikaingia kontena, ikashukia Mombasa, ikapangwa kwa maduka ya tao, Luthuli ama Moi Avenue, halafu ikapanda mat hadi huku ikiwa imekalia magoti ya mwenyewe.

Sasa chukua mmoja wao umuulize: hizo gigahazi uliziona wapi? Wengi watakuonyesha stika.

Hapo ndio noma huanzia. Gigahazi hauambiwi, unapima. Na unapima mashine ikitoka jasho, juu ikiwa imelala kila mashine ni kali.

Stika ni karatasi

Stika ya i7 mbele ya boxi haijui chenye kiko ndani. Prosesa inaeza tolewa, ingine iwekwe, na stika ibaki pale pale ikiwaka. So stika tuiwache.

Kuna wasee wamejanjaruka kiasi. Hao huenda kwa Properties za Windows, wanasoma jina la prosesa hapo, wanatoa doo. Shida ni kwamba hilo jina Windows imeliweka kwa rejista yake, na mtu yeyote mwenye ruhusa ya admin anaeza lifuta na kuandika chenye anataka, hata i9, bila kugusa skrubu. Dawa yake ni rahisi. Mashine ikizimwa na kuwashwa tena, Windows inaenda kusoma jina fresh kutoka kwa chipu. So zima, washa, ingia BIOS kwanza uone jina kabla Windows haijaamka, halafu ndio uangalie na CPU-Z, kaprogramu kadogo ka bure kenye kanaongea na chipu yenyewe. Mwenye duka akisema hakuna haja ya kurestati, jua haja ndio hiyo.

Halafu hata hilo jina likiwa la ukweli, ile "@ 3.20GHz" iko mwisho ni spidi ya beisi tu. Ni ahadi ya kampuni kwamba chipu ikipewa kazi ya kawaida na ipoozwe vizuri, haitashuka hapo. Haikwambii inapiga ngapi saa hii. Hilo jina lilichomwa kiwandani na litakaa hivo hadi chipu ife.

3.2 na 3.2 hazitoshani

Skiza hii. Mwaka wa 2003 kulikuwa na Pentium 4 ya gigahazi 3.2. Mwanzo wa 2010 ikakuja Core i5-650, gigahazi 3.2. Mwaka wa 2013, i5-4570, gigahazi 3.2. Mwaka wa 2015, i5-6500, gigahazi 3.2. Namba ni ile ile miaka kumi na mbili, na hizo chipu hazikai meza moja. Ya kwanza ilikuwa na kori moja, ya pili kori mbili, hizo zingine mbili kori nne kila moja. Na kwa kila pigo, chipu mpya inamaliza kazi mingi kuliko ya zamani.

Gigahazi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Hiyo tu. Haisemi kila pigo linafanya nini. Kampuni zenyewe zilikuwa zinashindania hiyo namba kitambo. Machi 2000 AMD ilifika gigahazi moja na Athlon yake, Intel ikafuata siku chache tu baadaye. Lakini 2004 Intel ikatupilia mbali Pentium 4 ya gigahazi nne, juu chipu zilikuwa zinatoa moto na kula stima kuliko kazi zinafanya. Toka hapo mchezo ukahamia kwa kori nyingi na mapigo yenye maana.

Ndio maana i5-8500 ya 2018, yenye beisi yake ni 3.0 tu, inaiwacha i5-6500 mbali sana: iko na kori sita, na kori moja ikifanya kazi peke yake inaeza panda hadi 4.1. Tena hiyo ya generation (gen) ya nane Windows 11 inaikubali, na ya sita inakataliwa. Na juu Microsoft ilifunga msaada wa bure wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hilo si jambo la kuchorea.

Kwa hivyo kabla ya gigahazi, uliza generation. Mazungumzo ya Luthuli hukuanga hivi:

"Boss, hii ni i5, gigahazi tatu nukta mbili, imetoka UK juzi."

"Sawa kiongozi, i5 ngapi?"

"Wewe, ni i5 tu, haisumbui hii."

"Haina ngori. Wacha nichomeke flashi yenye CPU-Z nione."

Ukisema hivo kwa heshima na kaflash kako mkononi, bei yenyewe huanza kuongea lugha ingine.

Mbona inasoma 0.8?

Sasa umefika keja, umewasha, umefungua Task Manager na Ctrl, Shift na Esc, ukaenda pale Performance. Unaona 0.80 GHz. Moyo unaruka. Ulibuy 3.2, mbona unapewa 0.8?

Tulia buda, hujaibiwa. Prosesa haina spidi moja. Kwa hizi za gen ya nne na ya sita, kuna pigo la msingi la megahazi 100, halafu chipu inalizidisha na namba fulani. Ikiwa haina kazi, inazidisha na 8, unapata 800, inakula stima kidogo na inabaki baridi. Ukifungua kitu, inaruka hadi 32, unapata 3,200. Kori moja ikishikwa na kazi ngumu na zingine zikiwa zimelala, i5-6500 inapanda hadi 36, hiyo ndio turbo. Kori zote nne zikiingia kazi pamoja, turbo inatulia karibu na 33. So gigahazi 3.6 ile msee wa i5-6500 anakuringia nayo base ni ya kori moja, dakika zile nzuri. Akianza kurenda video na kori zote, yuko 3.3 na hajui.

Ukiangalia na CPU-Z unaeza ona 3,193 badala ya 3,200. Usianze vita. Pigo la msingi lenyewe huwa limekaa kama 99.8, na ukizidisha na 32 unapata hiyo. Megahazi saba hazijawai kosesha mtu gigi.

Kitu ingine, hii kupanda na kushuka hutokea mara nyingi ndani ya sekunde moja. Programu inayosoma mara moja kwa sekunde inakuonyesha picha moja tu ya kitu kinachoruka ruka. Ndio maana wasee wawili wanaeza kaa kwa mashine moja, programu mbili, na kila mtu anasoma namba yake, wanabishana hadi chai inapoa.

Dere na abiria

Kwa hii kazi, programu ya kuamini ni HWiNFO64. Iko ya bure, iko ile haihitaji kuinstolewa, unaitembeza na flashi. Ukiifungua, weka tiki kwa Sensors-only, ingia. Utaona orodha ndefu, usiogope. Unatafuta vitu mbili: safu za Core Clock na safu za Effective Clock. Hapo ndio watu hupotea, juu mashine ikiwa imetulia, ya kwanza inaeza kuwa inasema 3,300 na ya pili inasema 150. Nani muongo?

Hakuna. Chukua dere wa nganya ya Ngong Road. Barabara ikifunguka anakanyaga themanini. Lakini Dagoretti Corner amekwama, Adams amengoja watu, Prestige amekwama tena. Muulize anaendanga na ngapi, atakwambia themanini, na hajakudanganya. Lakini abiria mwenye ameangalia saa tangu Satellite hadi tao anajua safari imekula lisaa, na kwa wastani hiyo ni spidi ya baiskeli. Core Clock ni jibu la dere: kori ikiwa macho, inapiga ngapi. Effective Clock ni jibu la abiria: ukihesabu na ule muda kori ilikuwa imelala, ni mapigo mangapi yamefanyika kwa ukweli.

Na kori hulala kweli. Ikikosa kazi hata kwa kipande kidogo cha sekunde, chipu inazima mapigo yake kabisa, na ikikaa zaidi inakatiwa hadi umeme. Kori kama hiyo haina spidi yoyote, ni sufuri. Programu ikikwambia iko 3,300, inakwambia ile spidi itatumia ikiamka.

Hesabu yenyewe hutoka ndani ya chipu. Kila kori iko na kaunta mbili. Moja inahesabu kwa mwendo wa beisi, ingine inahesabu mapigo yenyewe vile yalivyo, na zote zinasimama kori ikilala. Ipe kori kazi bila kupumzika kwa sekunde kumi. Kaunta ya beisi itasoma bilioni 32, ya mapigo yenyewe itasoma bilioni 33. Gawanya ya pili na ya kwanza, zidisha na 3.2, umepata 3.3. Hiyo ni spidi ya kori ikiwa macho. Sasa kama kori ililala nusu ya huo muda, kaunta ya mapigo itakuwa na bilioni 16.5, na ukigawanya na sekunde kumi unapata 1.65. Hiyo ndio Effective. Hakuna kubahatisha, ni kaunta na saa.

Wasee wa Linux wako sawa pia, kuna turbostat. Safu ya Bzy_MHz ni dere, Avg_MHz ni abiria, na Busy% inakwambia kori ilikuwa macho asilimia ngapi.

Task Manager sio mbaya, lakini inakupea namba moja ya spidi ya prosesa nzima. Kori moja ikiwa imeshikwa na tatu zimelala, hiyo namba haikwambii. Ni ya kupitia haraka, si ya kutolea doo.

Na onyo kidogo. Kupima kwenyewe ni kazi. Kila mara programu ikienda kusoma, inaamsha kori, na kori ikiamka inapanda spidi. Ukiweka isome mara kumi kwa sekunde ukidhani unapata ukweli zaidi, utakuwa unajisoma mwenyewe. HWiNFO hukuja ikiwa imesetiwa kusoma kila sekunde mbili. Iwache hapo. Na usifungue programu tatu za kupima pamoja, zinagongana kwa mlango wa sensa na zinaanza kutoa namba za ajabu.

Dakika kumi za jasho

Hii ndio sehemu ya maana, ishike vizuri.

Prosesa yoyote inaeza piga spidi kali kwa nusu dakika. Chuma cha kupooza bado ni baridi, feni haijaamka, kila kitu kiko fiti. Duka nyingi zinakuonyesha hiyo nusu dakika, unafunguliwa YouTube, unaambiwa "unaona?", unalipa. Unachotaka kuona ni dakika ya nane.

So fanya hivi. Washa HWiNFO, panga skrini uone Core Clock, Effective Clock, joto la kori, na ile mistari ya Thermal Throttling na Power Limit. Fungua CPU-Z, enda sehemu ya Bench, bonyeza Stress CPU. Hiyo inashika kori zote mia kwa mia, na haikuli bando hata kidogo. Ngoja kama dakika moja, halafu urudi kwa HWiNFO ubonyeze ile saa ya chini ya kufuta hesabu za nyuma, ndio wastani uanze upya mashine ikiwa tayari kazini. Ukisahau hapo, wastani wako utachanganywa na zile dakika mashine ilikuwa imelala, na Minimum itakwambia 800 bure.

Sasa kaa. Dakika kumi. Piga stori na mwenye duka, uliza bei ya kibodi, lakini macho kwa skrini.

Tuseme ni i5-6500. Mashine nzima itakuwa hivi: Core Clock ya kori zote imekaa karibu 3,300 bila kuyumba, Effective Clock iko karibu na hiyo hiyo, joto limepanda likasimama mahali fulani chini ya 80, na Thermal Throttling inasema No kila mstari. Hiyo beba. Kazi ikiwa imejaa, jibu la dere na la abiria lazima zikaribiane, juu hakuna kori imepata nafasi ya kulala.

Ikienda vingine, namba zenyewe zitakwambia ugonjwa.

Ikianza na 3,300, halafu baada ya dakika tatu nne ikashuka hadi 2,800, hadi 2,400, na joto limegonga 100, hiyo ni chipu inajiokoa. Hizi za Intel zikifika karibu digrii 100 zinapunguza spidi zenyewe ndio zisiungue. Hiyo haimaanishi mashine imekufa. Mara nyingi ni vumbi na pesti ya prosesa imekauka, na hiyo ni kazi ya fundi ya bei ya chini. Lakini uitumie kuongea bei.

Ikisimama 3,200 kabisa na haipandi hata megahazi moja, na joto ni la kawaida, turbo imezimwa. Angalia BIOS. Halafu angalia mipango ya stima ya Windows: mahali pa Maximum processor state, kama mtu ameweka 99 badala ya 100, turbo inakufa hapo hapo. Asilimia moja tu, na watu wamebuy mashine ingine juu yake.

Ikikwama 800 na kazi imejaa na joto ni 45, hiyo ni story tofauti. Kuna kitu nje ya prosesa kinaikaba. Kwa zile mashine ndogo za Dell na HP zinazotumia adapta ya nje kama ya laptopu, mara nyingi ni adapta. Mashine ikikosa kuitambua adapta ama ikiona ni ya wati kidogo, inajifunga chini. Tafuta adapta yake ya ukweli kabla uanze kulaumu chipu.

Na ikiwa Core Clock inasema 3,300 lakini Effective iko 1,600 kazi ikiwa imejaa, hapo kuna mapigo yanarukwa. Namba ya juu ni ya kuonyesha watu, ya chini ndio inafanya kazi yako. Bila Effective Clock hungewahi jua.

Joto la mtaa

Mashine ikipita Luthuli haimaanishi itapita huku kwetu. Dukani ilikuwa juu ya meza, imefunguliwa ubavu, feni ya dari inazunguka. Kwako itakaa wapi?

Nimeona boxi zimeshindiliwa kati ya kitanda na ukuta, mgongo umegusa pazia. Nimeona moja iko hatua mbili kutoka kwa meko, kila siku inavuta moshi wa kukaanga vitunguu. Ukifungua hizo, vumbi la mtaa limeungana na mafuta limekuwa kitambaa. Linakaa juu ya chuma cha kupooza, kati ya zile bati nyembamba, hadi hauoni mwanga upande ule mwingine. Feni inazunguka kwa nguvu zote na hakuna hewa inapita. Chini yake, pesti ya kiwandani, ile inafaa iwe laini kati ya prosesa na chuma, imekuwa unga mkavu. Unaiguza na kidole inavunjika.

Na kuna kitu cha Nairobi yenyewe. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo kila feni ikizunguka. Baridi ya Julai inatusaidia, lakini Februari, keja ya mabati, saa nane mchana, hakuna mtu wa kukusaidia.

So rudia kile kipimo cha dakika kumi ukiwa kejani, mahali mashine itaishi, saa ile wewe hufanyia kazi. Andika namba mbili mahali: wastani wa Effective Clock na joto la juu kabisa. Baada ya miezi sita pima tena. Joto likiwa limepanda digrii kumi na spidi imeshuka, toa nje, puliza vumbi, weka pesti mpya. Ukifanya hivo hautawahi ambiwa na fundi "prosesa imechoka". Chipu haichoki hivo. Chenye huchoka ni pesti na feni.

Kuna hadithi ingine ya mtaa lazima tuizike. Ati stima ikiwa chini, mashine inaenda pole pole. Hapana. Pawa saplai ya desktopu inashikilia voltaji yake, na ikishindwa mashine inazima ama inajirestati. Haipunguzi gigahazi kwa upole. Stima ya kucheza cheza inaua diski na kazi haujasevu, so UPS bado ni muhimu, lakini usiisingizie spidi.

Spidi iko na bado ni mos mos

Sasa hii ndio itawauma wasee wa base. Unaeza pima kila kitu, Effective 3,300, joto 68, kila mstari No, na mashine bado inachukua dakika mbili kufungua Chrome.

Hapo prosesa haina makosa. Rudi Task Manager, angalia Disk. Kama imekaa 100% na prosesa iko 15%, unangoja diski kuu ya kuzunguka, ile ya zamani. Weka SSD. Kama ni Memory imejaa na uko na RAM ya giga nne, ongeza RAM. Kama FL Studio inakatakata sauti na kori moja iko juu kuliko zingine zote, hapo ndio spidi ya kori moja inahesabika, na pengine umeweka programu jalizi nyingi kwa chaneli moja. Kama ni kurenda video na kori zote zimejaa mia kwa mia, hapo sasa unahitaji kori zaidi, na ile i5-8500 ndio dawa, si i5 ingine ya kori nne yenye stika safi.

Mresh wa saiba, kwa mfano, hahitaji gigahazi. KRA na eCitizen hazitoi prosesa jasho, zinategemea intaneti. Mashine tano za i3 zenye SSD zitamwingizia doo kuliko moja ya i7 ya kuringa. Lakini msee wa kuediti ako na harusi ya Jumamosi na mteja anataka video Jumatatu, yeye kila megahazi inayopotea kwa joto anailipia na usingizi. Chipu ikishuka kutoka 3,300 hadi 2,400, zaidi ya robo ya nguvu yake imeenda. Kazi ya masaa matatu inakuwa ya masaa manne na dakika kadhaa.

Kwa hivyo, kabla uongeze thao zingine juu ya mashine, ama uuze hii ubuy ingine, chukua kale kaflash. Stress dakika kumi, soma Effective, soma joto, soma diski. Utajua pesa inaenda wapi: pesti, SSD, RAM, ama kweli chipu ingine. Watu wengi hurusha doo kwa chipu juu hiyo ndio iko na jina kwa stika.

Na ukiwa tao na mwenye duka akakataa upime, akisema ati flashi yako iko na vairasi ama dakika kumi ni mob, usigombane na yeye. Mwambie asante kiongozi, vuka barabara. Luthuli ni duka baada ya duka, na mwenye mashine safi huwa hana haraka ya kuzima skrini.